Alama halisi, hendikapu au madaraja: ligi yenu ya bolingi ichague mfumo upi?

Pini 1 ndiyo iliyotugombanisha. Nilikuwa katibu wa ligi ndogo ya wafanyakazi huku Marekani, ligi ya bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe ili kuangusha pini 10: timu sita za watu watatu watatu, Wakenya, Watanzania, Wakongomani na wenyeji wachache. Ulikuwa usiku wa mwisho wa msimu. Timu moja ilikuwa na wachezaji wenye wastani wa alama 163, 148 na 171 kwa mchezo, na kanuni yetu ilisema kila mchezaji aongezewe asilimia 90 ya tofauti iliyopo kati ya wastani wake na 220. Haikusema desimali zifanywe nini. Ukikokotoa kwa kila mchezaji unapata 51.3, 64.8 na 44.1. Ukikata desimali za kila mmoja kisha ukajumlisha, timu ina pini 159 za nyongeza. Ukijumlisha kwanza ndipo ukate, ina 160. Wapinzani wao walipata idadi ileile kwa hesabu zote mbili. Kwa hiyo kwa hesabu moja timu zilitoka sare, kwa nyingine tulikuwa na bingwa.

Nahodha alikuja mezani kwangu. Hakupaza sauti. Aliniambia tu, "Katibu, nionyeshe palipoandikwa." Sikuwa na pa kumwonyesha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa na watu wanaoanzisha ligi zao: tutumie alama halisi, tutumie hendikapu, au tuwagawe watu kwa madaraja? Swali ni zuri, lakini mara nyingi linajibiwa kwa kuangalia haki peke yake. Kila mfumo una kanuni zinazoeleweka upesi na kanuni ambazo huonekana wazi mpaka siku zinapohitajika. Kabla ya kuchagua mfumo, angalia utata unaokuja nao.

Kwanza mifumo yenyewe. Alama halisi ni zile ulizoangusha, basi. Ukipata 142 umepata 142. Hendikapu ni pini za nyongeza anazopewa mchezaji mwenye wastani mdogo ili aweze kushindana na aliyemzidi. Madaraja ni kuwatenga wachezaji kwa viwango, kwa mfano walio chini ya 140, walio kati ya 140 na 169, na walio 170 na zaidi, kisha kila kundi likachuana lenyewe kwa alama halisi.

Nitaipima yote mitatu kwa mambo matano: haki, wepesi wa hesabu, sehemu zinazozua mzozo, mwanya wa hila, na idadi ya watu inayohitajika. La tatu litachukua nafasi kubwa, kwa sababu hapo ndipo ligi huvunjikia.

Haki

Alama halisi humpa haki yule aliyefanya mazoezi. Mashindano makubwa mengi ya mchezo huu huchezwa hivyo: ziara ya wachezaji wa kulipwa ya PBA huko Marekani, mashindano ya dunia, na Michezo ya Asia ambako bolingi iliingia mwaka 1978 mjini Bangkok. Mwaka 2010 Kelly Kulick alipokuwa mwanamke wa kwanza kutwaa taji la kawaida la ziara hiyo ya PBA, alimshinda Chris Barnes kwa 265 dhidi ya 195 kwenye fainali. Hakuna aliyeweza kusema alibebwa. Utamu wa alama halisi ni huo: ushindi haubaki na alama ya kuuliza. Lakini mlete mchezaji wa wastani wa 120 apambane na wa 190 kila Jumatano, kisha umuulize wiki ya sita kama atarudi.

Hendikapu humrudisha huyo. Chukua mchezaji wa 200 na wa 150, kwa asilimia 90 ya 220. Wa kwanza anapata nyongeza ya 18 na kufika 218. Wa pili anapata 63 na kufika 213. Aliye bora bado yuko mbele kwa pini 5, na ili mwenzake amshinde lazima acheze vizuri kidogo kuliko kawaida yake. Ukitumia asilimia 80 pengo linakuwa pini 10. Ukitumia asilimia 100 linafutika kabisa. Watu hudhani asilimia 100 ndiyo haki kamili, nami sikubaliani. Mchezaji anayejifunza hupanda kila wiki, na wastani wake, ambao ni kumbukumbu ya wiki zilizopita, humfuata kwa nyuma. Anapewa nyongeza ya mtu aliyekuwa, wakati anacheza kama mtu aliyekwisha kuwa. Zile pini 5 za mwenye uzoefu zinasaidia kufidia hilo.

Kigezo nacho, yaani ile 220 tunayopimia tofauti, kina siri yake. Ligi ikiweka 200 badala ya 220 huku ina mchezaji wa 215, huyo hapati nyongeza, lakini zile pini 15 zilizo juu ya kigezo zinabaki zake zote. Mwenzake wa 150 anapata 45 na kufika 195. Pengo la pini 20 katika mfumo ulionuiwa kuleta usawa! Kigezo lazima kiwe juu ya wastani wa mchezaji bora mliye naye. Vinginevyo andikeni kwamba aliyezidi kigezo atakatwa pini.

Kuna pia nyongeza isiyofuata wastani. Kwenye mashindano ya European Bowling Tour, ambako wanaume na wanawake huchuana pamoja, wanawake hupewa pini 8 kwa kila gemu, yaani mchezo mmoja kamili wa fremu (zamu) kumi, awe nani awe nani. Ni kanuni fupi, na haina desimali.

Madaraja yanatenda haki kwa njia ya tatu. Mtu hashindani na asiyelingana naye, na alama anazoziona kwenye skrini ndizo alizopata. Ninachokipenda ni kwamba mchezaji wa daraja la chini anaweza kuwa bingwa bila mtu kumkumbusha kuwa alisaidiwa. Tatizo liko mpakani. Kama mpaka ni 140, mwenye 139 ni mfalme wa daraja la tatu na mwenye 140 ni wa mkiani daraja la pili, ingawa kwa kweli ni wachezaji wa kiwango kimoja.

Wepesi wa hesabu

Hapa sitakaa sana. Alama halisi hazina hesabu zaidi ya ile inayofanywa na skrini. Madaraja yanahitaji wastani ukokotolewe mara moja au mbili kwa msimu. Hendikapu inahitaji wastani mpya kila wiki kwa kila mtu, na katibu asiyechoka. Jedwali la kompyuta litafanya kazi hiyo kwa dakika chache, mradi umeliambia kanuni sahihi. Jedwali letu lilikuwa linakadiria desimali kwenda juu au chini bila sisi kujua, na hiyo ilikuwa njia ya tatu ambayo hakuna aliyeikubali.

Sehemu zinazozua mzozo

Ligi nyingi huazima kitabu cha sheria cha USBC, shirikisho linalosimamia mchezo huu Marekani tangu 2005. Mzizi wake ni ABC, chama kilichoundwa New York mwaka 1895 kwa sababu kila ukumbi ulikuwa na sheria zake na timu za miji tofauti hazikuweza kukutana bila kugombana. Kitabu hicho kimekomaa. Lakini swali la hendikapu kinaiachia ligi yenyewe: mtumie au msitumie, asilimia ngapi, kutoka kigezo gani. Watu huchukua kitabu wakidhani kila kitu kimo, kumbe sehemu inayogombanisha zaidi imeachwa wazi waijaze wao.

Wenye alama halisi wana nafasi chache za kujaza. Kubwa ni mchezaji asiyekuja. Je, timu yake icheze pungufu? Ipewe alama za kubuni? Ngapi? Ya pili ni sare: mcheze fremu moja ya ziada, mcheze fremu ya tisa na ya kumi upya, au mgawane pointi? Jibu lolote linafaa, mradi liwepo kabla ya msimu.

Wenye hendikapu wana orodha ndefu. Desimali nimekwisha kuzisema. Linalofuata ni wastani wa mgeni. Mtu anajiunga leo, hana rekodi popote. Njia ya kawaida ni kutumia gemu zake tatu za usiku huohuo. Tuseme kapata 110, 125 na 118. Jumla 353, wastani 117 baada ya kukata desimali, nyongeza 92. Njia nyingine ni kumpa wastani wa kubuni mpaka atimize gemu kadhaa. Njia ya kwanza ina tatizo moja: nyongeza yake haijulikani mpaka usiku uishe, hivyo wapinzani wanacheza bila kujua wanafukuza nini. Njia ya pili inategemea makadirio ya mtu, na makadirio huleta maneno.

Halafu kuna mgeni mwenye rekodi, ambaye watu hudhani ni rahisi zaidi. Swali ni rekodi ya wapi. Wastani wa 190 uliopatikana kwenye njia zilizopakwa mafuta kwa mpangilio wa kawaida wa ukumbi, ule unaolirudisha tufe katikati hata ukikosea kidogo, si sawa na 190 ya mpangilio mgumu wa mashindano. Mashine zinazopanga pini kwa kamba, ambazo kumbi nyingi zimeanza kuzitumia, hufanya pini zianguke kwa namna tofauti na zile za pini huru. USBC yenyewe iliamua kuanzia Agosti 2023 kuitambua bolingi ya kamba kama aina inayojitegemea.

Hata namna ya kuhesabu inaweza kutofautiana. Katika hesabu ya jadi, straiki (pini zote 10 kwa mtupo wa kwanza) huongezewa pini za mitupo miwili inayofuata, spea (zote 10 kwa mitupo miwili) za mtupo mmoja. Katika hesabu ya fremu moja moja iliyoletwa na shirikisho la dunia, straiki ni 30 palepale, na spea ni 10 pamoja na pini za mtupo wako wa kwanza katika fremu hiyohiyo. Mtu anayepiga straiki, spea, straiki, spea mpaka mwisho anapata 200 kwa hesabu ya jadi. Kwa hesabu mpya, kama kila spea ilianza kwa pini 9, anapata 245. Mtupaji ni yuleyule na pini ni zilezile. Akija kwenu na wastani uliotoka huko, mtamnyima pini alizostahili. Kwa hiyo andikeni: wastani unaokubalika ni wa hesabu gani, mashine gani, mafuta gani.

La tatu ni mchezaji asiyekuja, na hapa hendikapu ina mtego ambao nimeuona ukinasa makatibu waangalifu. Kanuni iliyozoeleka ni kumwekea wastani wake ukipunguzwa pini 10. Sawa. Nyongeza yake je, itokane na wastani wake wa kweli au na ule uliopunguzwa? Mwenye 150 akicheza kawaida anafika 213 pamoja na nyongeza. Asipokuja, akawekewa 140 pamoja na nyongeza yake ya 63, timu inapata 203. Adhabu ni pini 10, kama ilivyokusudiwa. Lakini ukikokotoa nyongeza upya kutoka 140, inakuwa 72, na jumla ni 212. Adhabu imebaki pini 1. Timu nzima inaweza kukaa nyumbani isipoteze kitu cha maana. Sentensi moja inaziba shimo hilo: nyongeza ya asiyekuwepo hutokana na wastani wake kamili.

La nne ni gemu za kutanguliza, yaani mchezaji anayejua hatakuwepo Jumatano anakuja Jumatatu kucheza sehemu yake. Anayeshuhudia ni nani? Akicheza vibaya anaruhusiwa kuzifuta gemu hizo na kuhudhuria Jumatano? Mimi nasema hapana. Gemu ikishachezwa mbele ya shahidi, imechezwa. Lakini nimeona ligi nzuri zinazoruhusu, na zinaendelea vizuri kwa sababu zimeandika.

Madaraja yana mambo mawili tu ya kuandika, lakini ni mazito. La kwanza ni nani apandishwe au kushushwa katikati ya msimu, na akipanda, pointi zake anaondoka nazo au zinabaki? Nimewahi kumwona mchezaji aliyepandishwa wiki ya nane akianza upya na sifuri mahali ambapo wenzake wana pointi thelathini na kitu. Aliadhibiwa kwa kuwa hodari. La pili ni wastani wa kumpangia mtu daraja, na maswali yote ya rekodi za nje niliyoyataja yanarudi hapa, tena kwa nguvu zaidi: kosa la pini 10 kwenye hendikapu linapotosha nyongeza kwa pini 9, kosa hilohilo kwenye madaraja linaweza kumweka mtu kwenye kundi lisilo lake msimu mzima.

Mabishano yasiyojali mfumo

Yapo pia magomvi ya kwenye njia yenyewe, na hayo hakuna mfumo kati ya hii mitatu utakaoyaondoa. Nayaweka hapa kwa sababu watu hubadilisha mfumo wakitarajia yatakwisha.

La kwanza ni faulo. Kutoka mstari wa faulo mpaka pini ya mbele ni futi 60, kama mita 18.3, na mguu ukigusa chochote ng'ambo ya mstari, mtupo unahesabika lakini pini zake hazihesabiki. Mguu uliopita juu hewani bila kugusa si faulo. Faulo ikitokea kwenye mtupo wa kwanza, pini zote 10 husimamishwa upya. Ukiziangusha zote kwa mtupo wa pili, umepata spea. Nimesikia watu wazima wakiapa kwamba ni straiki kwa kuwa pini 10 zimelala kwa tufe moja. Ni spea, kwa sababu mitupo miwili imetumika.

Pini nazo. Iliyoruka ikarudi na kusimama, imesimama. Iliyoegemea ukuta wa pembeni imeanguka. Iliyobaki imesimama kisha ikaangushwa na mashine inaporudishiwa, haihesabiki. Tufe likiingia mferejini likaruka na kuangusha pini, hazihesabiki. Likigonga pazia la nyuma na kurudi kuangusha iliyobaki, vilevile.

Usafi wa tufe pia. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2019 sheria za USBC zinaruhusu kitambaa kikavu tu wakati wa mashindano, dawa za maji zimekatazwa. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2020 matundu ya mizani kwenye tufe, yale ambayo hayashikwi na kidole chochote, hayaruhusiwi. Mchezaji aliyenunua tufe kuukuu bila kujua anaweza kujikuta analo. Mwambieni wiki ya kwanza, si kwenye fainali.

Na mkishindwa kuelewana usiku huo, kitabu kina dawa nzuri ambayo ligi nyingi haziitumii: mtupo wa muda. Tuseme mnabishana kama mchezaji amefanya faulo kwenye mtupo wa kwanza. Anamaliza fremu yake kama kawaida, kisha anatupa tena tufe moja kwa pini 10 kamili. Alama zote mbili zinaandikwa, mchezo unaendelea, na kamati inaamua baadaye ni ipi itumike. Hakuna anayepoteza haki yake, na wenye njia ya jirani hawasubiri nusu saa.

Mwanya wa hila

Alama halisi hazina la kuficha. Kucheza vibaya hakukuletei faida yoyote, leo wala kesho.

Hendikapu ndiyo inayolaumiwa zaidi, na lawama ni ya kweli. Mtu anaweza kubana wastani wake mwanzoni mwa msimu, akaacha pini rahisi zimesimama, kisha akafunguka wakati wa fainali akiwa na nyongeza nono. Ni wizi, na ni vigumu kuuthibitisha, kwa sababu kila mmoja wetu ana wiki mbaya. Ligi haiwezi kusoma nia ya mtu, lakini inaweza kupunguza faida. Weka kanuni kwamba wastani wa mchezaji kwa ajili ya nyongeza hautashuka zaidi ya pini 10 chini ya ule aliomalizia msimu uliopita. Wa 175 aliyeshuka ghafla mpaka 150 atahesabiwa kwa 165. Aliyeumia bega au kuugua apeleke ombi kwa kamati. Na usimwite mtu mlaghai mbele ya watu. Nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa neno hilo, na aliyeitwa hivyo hakuwa mlaghai, alikuwa amebadilisha tufe.

Madaraja watu huyaona yako salama, lakini yana kishawishi kikali zaidi. Kwenye hendikapu, pini 1 ya wastani ina thamani ya 0.9. Faida inapanda kidogo kidogo. Kwenye madaraja, pini hiyohiyo 1 kati ya 139 na 140 inabadilisha wapinzani wako wote. Anayetaka kufanya hila hahitaji kujishusha sana, anahitaji kukaa chini ya mstari tu. Njia ya kukipunguza kishawishi hicho ni kupanga mipaka baada ya kuona wastani wa watu wote, mkiweka mstari kwenye pengo la asili, si kwenye namba ya kuvutia macho. Kama mna watu wenye 131, 133, 134, kisha 146 na 149, mpaka wenu ni 140 kwa sababu hakuna anayeishi hapo.

Idadi ya watu

Madaraja yanataka umati. Mkiwa 12 mkajigawa mara tatu, kila daraja lina watu wanne, na wiki ya nne mmeshachoka kuonana. Mimi nisingeyajaribu chini ya watu 30. Alama halisi na hendikapu zinafanya kazi hata kwa watu sita, na kwa timu za watu mchanganyiko hendikapu ni rahisi kuliko zote, kwa sababu mtu na mkewe, au baba na binti yake, wanaweza kukaa timu moja.

Mchague vipi, kwa hali yenu

Kama mko wachache na wastani wenu hautofautiani kwa zaidi ya pini 20 hivi, chezeni alama halisi. Kuongeza hendikapu hapo ni kujiletea makaratasi. Vivyo hivyo kama lengo ni kuandaa vijana kwenda mashindanoni: huko watakakokwenda hakuna atakayewaongezea pini, na ni afadhali waujue ukweli huo mapema.

Kama ni ligi ya kazini, ya ukoo au ya majirani, yenye wazoefu na wanaojifunza pamoja, hendikapu itawaweka watu pamoja muda mrefu kuliko mfumo mwingine. Anzeni na asilimia 90 na kigezo kilicho juu ya mchezaji wenu bora. Kama mkali wenu ananung'unika, wekeni pia zawadi ya gemu kubwa zaidi ya alama halisi kila mwezi. Haigharimu kitu, na inampa sababu ya kujituma.

Kama ni klabu kubwa yenye kumbukumbu za msimu mmoja au zaidi, madaraja yatawapa wachezaji wa kati, wale ambao hawashindi popote, uwanja wao. Ila msianze nayo mwaka wa kwanza. Bila rekodi mtawapanga watu kwa kubahatisha. Chezeni hendikapu wiki kumi na mbili au msimu mzima, kisha mjigawe.

Kama mna watu wengi wanaokosa kuja kwa sababu ya zamu za kazi, epukeni madaraja ya mtu mmoja mmoja, kwa kuwa ratiba itawashinda. Nendeni na timu zenye hendikapu, na muiandike vizuri kanuni ya asiyekuwepo na ya gemu za kutanguliza. Timu ya watu wanne inayochezesha watatu kila usiku huponya mengi.

Na kama mko kama tulivyokuwa sisi, mna hendikapu tayari na mmegombana, msikimbilie kubadili mfumo. Sisi tulipiga kura. Watu 14 kati ya 18 walitaka hendikapu ibaki, na wote 18 walitaka iandikwe upya. Sasa ukurasa wetu una mstari usemao kwamba desimali hukatwa kwa kila mchezaji kabla ya kujumlisha nyongeza ya timu. Kwa msimu ule wenyewe hatukuutumia mstari huo kurudi nyuma, maana haukuwepo mitupo ilipotupwa. Tuliandika majina ya timu zote mbili kwenye kikombe, na kikakaa miezi sita kwa hawa na miezi sita kwa wale.